Mluzi Ndani ya Mashine

Jeju, 9 Machi 2013

Mwanangu Da-hye,

Pokea salamu za shangazi yako asiyesikia. Mimi mzima, mbwa mzima, na machungwa ya mwisho nimeshayachuma. Nimekutumia sanduku moja pamoja na mwani mkavu. Ule wa mfuko mweupe ni wa mama mkwe wako, usije ukaupika wewe. Mtoto ameanza kutembea? Picha yake nimeibandika ukutani karibu na ya marehemu baba yako, na kila anayeingia husema kachukua paji la uso la babu yake. Simu uliyoninunulia bado ninayo, nimeifunika kitambaa. Usinikasirikie. Masikio yangu bahari ilishayachukua zamani, na ile simu ikiwa sikioni mwangu inalia kama nzi kwenye chupa. Karatasi hainipigii kelele.

Sasa nikuambie jambo lililonikaa kooni.

Ile picha ya ini uliyonilazimisha nikapige, nimepiga. Nilikwenda mjini na Jeong-ja, kwa sababu yeye ana sikio moja zima, na yeye pia hupimwa ini hapo hapo. Nikavaa gauni lao la kufungwa mgongoni, nikalala, nikasukumwa ndani ya lile pipa. Mpiga picha ni kijana kutoka bara. Akanifundisha: vuta pumzi, toa, zuia. Nikamwambia hilo nalijua tangu mama yake hajazaliwa. Wakanitia dawa mshipani, ile ya kufanya ini ling'ae kwenye picha. Mashine ikagonga weee, ikanyamaza, wakanitoa.

Tulipokuwa tumeketi ukumbini, kijana akatoka. Alikuwa ameambiwa mimi ni kiziwi, kwa hiyo akapaza sauti yote aliyojaliwa: "Bibi, umeshindwa kuzuia pumzi hata sekunde kumi na tano. Picha imeharibika. Itabidi urudi."

Siku ile ukumbi ulijaa watu wa pwani yetu, Da-hye. Wazamiaji wenzangu, wake za wavuvi, hadi yule muuza tofu anayebeba habari kuliko anavyobeba tofu. Wote wakageuka. Mimi, Bu Gye-sun, niliyeanza kuzamia nikiwa binti mdogo, niliyekulisha na kukusomesha kwa pumzi hii hii. Kisha daktari akamwambia Jeong-ja, si mimi, Jeong-ja, kwamba sikutoa ushirikiano.

Wewe ni mtu wa kazi hiyo. Waambie wenzako wafute hayo maneno. Sikuwasikia vizuri, basi. Mashine ilikuwa na kelele na mimi ni kiziwi, ndivyo ilivyokuwa, hakuna jingine. Na sirudi.

Shangazi yako,
Gye-sun


Daegu, 26 Machi 2013

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Machungwa yamefika, mawili tu yalioza. Mtoto anatembea hatua chache, kisha anakaa chini na kututazama kama vile sisi ndio tuliomwangusha. Mama mkwe amepika supu kwa mwani wako na amenituma nikushukuru mara tatu, kwa hiyo ahsante, ahsante, ahsante.

Nimekasirika kwa namna kijana yule alivyokupigia kelele hadharani. Mimi napiga picha hizo hizo kila siku, na mtu asiyesikia tunamshika mkono na kusema naye polepole, hatumtangazi. Lakini sitakubaliana na wewe kuhusu kutorudi.

Kipimo cha Januari kilionyesha kadoa kwenye ini lako. Kadoa kale kanaweza kuwa si kitu, na kanaweza kuwa kile kilichomuua baba. Wewe na baba mliupata ugonjwa wa ini kwa bibi, tena siku ile ile ya kuzaliwa, na baba naye alikuwa akisema "sirudi". Dawa ikishaingia mwilini, kuna kitambo kifupi sana ambapo doa baya huwaka kuliko ini lenyewe. Kitambo hicho kikipita, hakirudi mpaka mtu atiwe dawa upya. Picha yako iliyoharibika ndiyo hiyo. Nyingine zote ni safi, ila hazituambii tunalotaka kujua.

Kwa kuwa hukusikia, nitawaandikia wakuguse mguu: wakigusa unazuia, wakigusa tena unapumua. Ni rahisi. Nakuomba uache ubishi.

Mwanao,
Da-hye


Jeju, 14 Aprili 2013

Da-hye,

Sisi wazima. Mahindi nimepanda. Mbwa kazaa watatu, mmoja kafa.

Umeniambia niache ubishi. Haya, soma ubishi wangu ulivyonifikisha.

Juzi bahari ilitulia tukakusanyika bulteok, kwenye duara letu la mawe tunapoota moto kabla ya kuzama. Unajua tunavyoketi pale, ulilelewa pale. Wazamiaji wa kina kirefu hukaa upande upepo unakotoka, na wa maji mafupi hukaa kule moshi unakoelekea. Nimekaa upande wa upepo tangu hujazaliwa. Nikafika, nikakuta mto wangu wa kukalia umehamishiwa kwenye moshi. Kiongozi wetu, Kang Bun-sim, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kufunga mkanda wa risasi unaotuvuta chini majini, akanishika bega akisema kwamba wenzangu wameonelea nipumzike kidogo, nizamie bahari ya mabibi. Yale maji ya kiunoni, Da-hye, tunayowaachia wakongwe wa miaka themanini ili wasiende mbali na ufuko. Akasema ni kwa kunihurumia. Mmoja akauliza kama anihesabie sekunde kumi na tano nioshe uso. Wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu ukikasirika pale umekwisha.

Jeong-ja peke yake hakucheka. Aliangalia moto tu. Nilitegemea aseme neno, sisi tumezama pamoja tangu usichana, na hakuna mwanamke wa pwani hii aliyewahi kukaa chini ya maji kumshinda. Lakini yeye mwenyewe tangu mwaka jana yumo bahari ya mabibi, kwa sababu ya magoti, labda ndiyo maana.

Na yote haya kwa maneno ya kijana mmoja asiye na adabu. Sikukuambia alichoniambia aliponitoa kwenye pipa. Aliniinamia sikioni: "Bibi, mle ndani hapapigwi mluzi." Kana kwamba niliingia mle kuita mbwa.

Usiwaandikie waniguseguse miguu. Sirudi.

Gye-sun


Daegu, 21 Aprili 2013

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima, na leo salamu zitakuwa fupi, unisamehe.

Ulipiga mluzi?

Nimeisoma barua yako nikiwa kazini, nikaenda kukaa stoo. Mimi nilikuwa mtoto wa kukaa juu ya miamba kukusubiri. Baharini vichwa vyote vilifanana, vyeusi, vidogo, nami nilikuwa nakutambua kwa mluzi wako utokapo majini, ule unaotoka wenyewe mzamiaji anapopata hewa baada ya kifua kukauka kabisa. Haupigwi kwa kupenda. Hujawahi kupiga mluzi nyumbani, na siku niliyojaribu mimi ulinichapa kwa mwiko. Kwa hiyo usiniambie tena habari ya masikio. Ulisikia vizuri kabisa. Pumzi ndiyo iliyokutoka.

Sasa nisikilize. Ile dawa ya ini waliyokutia, baadhi ya watu ikiwaingia tu hubanwa pumzi. Si wengi, lakini si wachache kiasi cha kushangaza. Hubanwa ghafla, kitambo kidogo, kisha kifua hufunguka na mtu huwa mzima kama mwanzo. Na hubanwa katika kitambo kile kile tunachokitaka kwa picha. Haijali mtu ni kijana au mzee, ana mapafu makubwa au madogo. Hapa kwetu wamebanwa hivyo mwanajeshi na mwalimu wa kuogelea. Si uzee wako, Shangazi. Ni dawa. Na ipo dawa nyingine, ya aina tofauti, ambayo haina sana tabia hiyo. Inatosha kuiomba.

Kinachonichoma ni kwamba hawakukuambia. Sisi tunaofanya kazi hii tunalijua jambo hili, limeshaandikwa na kujadiliwa, na yule daktari wako analijua. Mtu anabanwa pumzi kwa dawa yetu, kisha tunamwambia kashindwa yeye. Nimeiandikia hospitali yako leo hii. Nimewaomba watumie dawa ile nyingine, na nimewauliza kwa nini neno "hakutoa ushirikiano" limetumika kwa mtu aliyebanwa.

Nijibu moja tu. Kwa nini hukubonyeza ule mpira waliokupa mkononi wa kuwaita?

Da-hye


Daegu, 19 Mei 2013

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hujanijibu. Mtoto ameota jino la saba na amemng'ata mama mkwe.

Hospitali yako imenijibu. Wanasema mgonjwa hakulalamika kubanwa pumzi, bali alieleza mwenyewe kwamba hakusikia maelekezo. Sikujua nicheke au nilie.

Tafadhali andika.

Da-hye


Daegu, 10 Juni 2013

Shangazi,

Nimempigia mwenye duka la hapo kijijini. Ameniambia u mzima na kwamba umekataa kuja kwenye simu. Basi nimejua u mzima.

Kumbukumbu ya baba ni mwezi ujao. Nitakuja na mtoto, upende usipende.

Da-hye


Jeju, 7 Julai 2013

Mwanangu Da-hye,

Salamu kwako, kwa mume wako, kwa mama mkwe na kidonda chake. Mvua imenyesha juma zima na godoro linanuka. Nyama ya nguruwe ya kumbukumbu ya baba yako nimeshaiagiza, kwa hiyo njoo, na uje na nguo za mtoto za kutosha.

Barua zako zote nilizipata. Kwanza sikujibu kwa hasira, kwa sababu ulimwandikia daktari kabla ya kuniuliza mimi mwenye kifua. Baadaye sikujibu kwa aibu. Sasa najibu.

Dawa iliingia mkononi ikiwa ya baridi. Kisha pumzi ikaondolewa kifuani mwangu, kama mtu anavyoondolewa sahani naye hajamaliza kula. Da-hye, baharini pumzi hukuaga. Inakwambia inaondoka, nawe unaanza kupanda. Hii haikuniaga. Nililala mle nikijua kwamba huu ndio mwisho wangu wa kuzamia, kwamba pumzi yangu imezeeka usiku mmoja. Unauliza habari za mpira. Chini ya maji hatuna mpira wa kubonyeza. Ukibanwa unavumilia mpaka utoke, na ukifungua mdomo kabla hujatoka umekufa. Nikafunga mdomo, nikavumilia. Kifua kilipofunguka mluzi ukatoka wenyewe, na kijana akadhani namfanyia mchezo.

Nikasema sikusikia. Ningesema nini? Ningesema pumzi imenitoka, ningekuwa nimeubeba mwenyewe mto wangu hadi kwenye moshi. Heri waniite kiziwi, hilo wameshalizoea.

Barua yako niliibeba mwezi mzima ndani ya koti langu. Siku moja nikampa Jeong-ja aisome, maana nilitaka mtu mwingine aniambie kama wewe unanibembeleza tu. Aliisoma. Akarudi mahali pale unapoeleza habari ya dawa, akapasoma tena, akaikunja karatasi vizuri sana. Akasema, "Na mimi pia."

Mwaka jana, majira kama haya, aliingia kwenye pipa lile lile, akatiwa dawa ile ile, kifua kikafungwa vile vile. Yeye anasikia, kwa hiyo hakupigiwa kelele. Waliongea naye kwa upole, wakamwambia ameshindwa kidogo tu, arudi. Akarudi nyumbani, akatuambia magoti yanamuuma, akahamia bahari ya mabibi kwa miguu yake. Hakurudi kupigwa picha, kwa kuwa hakutaka kushindwa mara ya pili. Kumbe magoti yake hayana kitu. Mwanamke yule, ambaye sisi wote tulikuwa tunaogopa akikaa chini ya maji, alikaa mwaka mzima akiokota konokono kwenye maji ya kiunoni na watoto wa shule, akiamini pumzi yake imekwisha.

Nilikasirika, mwanangu, mpaka nikasikia masikio yangu yakilia. Kesho yake tukapanda basi sote wawili. Nikamwambia daktari kila kitu, mluzi na vyote. Hakubisha. Alisema ndiyo, hutokea, ila huwa hawasemi mapema kwa sababu wagonjwa wakiambiwa huingiwa na wasiwasi. Alisema kwa utulivu kabisa, kalamu mkononi. Nikamjibu, "Wasiwasi ni wangu. Nipe, nijue mwenyewe nitafanya nao nini."

Wametupiga picha kwa dawa ile nyingine. Pumzi yangu ilikaa kimya mahali pake kama paka. Kadoa kangu ni kabaya, ila ni kadogo, watakaunguza kwa sindano ya moto mwezi ujao, wanasema nitapona.

Doa la Jeong-ja si dogo. Daktari anasema mwaka jana huenda lilikuwa kama langu.

Nimeandika hivyo kisha nikaweka kalamu chini, nimerudi sasa hivi. Sina zaidi.

Shangazi yako,
Gye-sun


Daegu, 2 Agosti 2013

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na ahsante kwa siku zile nne. Mtoto bado ananusa vidole vyake akitafuta harufu ya kwenu.

Hatukuongea kuhusu Jeong-ja, wewe ulikuwa unaosha vyombo kila nilipoanza. Basi naandika. Nimekasirika, na sijui hasira hii niipeleke wapi, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyemfanyia ubaya. Wote walikuwa wapole. Walimwambia "umeshindwa kidogo tu" na wakaenda kula chakula cha mchana.

Tangu nirudi, kila ninayemtia dawa ile namwambia kabla: huenda ukabanwa pumzi kidogo, ni dawa, si wewe, itapita, na ikikubana bonyeza. Mkuu wangu amenionya kwamba nawatisha watu na kwamba kila mmoja ananichukua dakika za ziada. Nimemwambia nitaendelea. Akauliza nani kaniruhusu. Nikaenda kumwita mgonjwa aliyefuata.

Sindano yako ni tarehe ishirini. Nitakuwa hapo.

Mwanao,
Da-hye


Jeju, 29 Septemba 2013

Mwanangu Da-hye,

Salamu nyingi kwenu nyote. Kidonda kimefunga, nakula, na daktari ameniruhusu maji. Machungwa bado ya kijani. Yule mtoto wa mbwa mwenye doa jeupe nimemwekea mwanao.

Wiki iliyopita bahari ilitulia. Nilifika bulteok mapema na kuuhamisha mto wangu upande wa upepo. Kisha nikauchukua wa Jeong-ja nikauweka pale pale ulipokuwa mwaka juzi, mkono wa kulia wa kiongozi. Wenzangu walipofika niliwasimulia yote, dawa, pipa, na magoti ambayo hayakuwahi kuuma. Wawili kati yao hupimwa ini pia, nimewaona wakitazamana. Bun-sim akasogea kumpisha Jeong-ja. Hakuna aliyecheka.

Jeong-ja anaanza dawa zake kali mwezi ujao, mjini. Amekonda, vazi la mpira linamkaa kama la kuazima. Nilimwambia asizame, atazame tu. Akanijibu kwamba ameshatazama mwaka mzima.

Tukaogelea wote hadi kwenye miamba ya nje. Akazama. Mimi nilibaki juu nimeshika boya lake, na sikuzama, nilikuwa namngoja. Alikaa chini mpaka Bun-sim akaanza kuvuta miwani yake ashuke kumtafuta, nikamzuia kwa mkono. Akakaa tena. Kisha maji yakafunguka, akatoka na konokono mkubwa mkononi, akapiga mluzi, na mimi, Da-hye, mimi kiziwi, niliusikia.

Kwa hiyo pumzi ilikuwepo. Mwaka mzima ilikuwa kifuani mwake, nzima, na hakuna aliyemwambia.

Mkuu wako akikuuliza tena nani kakuruhusu, mwambie ni Yang Jeong-ja.

Shangazi yako,
Gye-sun